Muhuri Usio na Jina

1

Nimekaa dirisha namba tatu la Ofisi ya Majina, hapa Same, miaka ishirini na sita, na kazi yangu haijabadilika hata siku moja. Watu wanaleta anwani, mimi natoa jina. Anwani ya pochi ya kidijitali ni mkururo wa herufi na tarakimu arobaini na mbili ambao hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kuushika. Mnyororo, ule mtandao wa kumbukumbu za nchi nzima, ulipobebeshwa kila kitu, hati za viwanja, vyeti vya shule, kadi za kliniki, hata vitasa vya milango, ilibidi awepo mtu wa kuwaambia wenzake kwamba mkururo huu ni Bi Fulani wa kata fulani. Mtu huyo ni mimi, Eliwaza Msangi. Mgongo unauma, macho yanawasha, na nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu.

Mzee Eliakunda Mchome alifika Jumatano saa tatu asubuhi, siku ya tisa tangu amzike mkewe. Koti lilikuwa kubwa kuliko yeye. Nilimwamkia, akaniitikia kwa sauti ndogo, akaweka kishikwambi cha ukoo juu ya kaunta na kukisukuma kwangu kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuimaliza.

"Anwani mia mbili na kumi na tatu zina majina," alisema. "Moja haina."

Kilikuwa kitabu cha maombolezo. Siku hizi mtu asiyeweza kufika msibani anagusa pochi yake kwa kidole gumba, popote alipo, na muhuri wake wa hudhurio unaingia kitabuni sawasawa na wa yule aliyelala kwenye jamvi. Jina hujitokeza lenyewe pembeni. Mara chache, pochi ikiwa na tatizo kwenye daftari letu, inabaki anwani tupu, na hapo ndipo watu wanakuja kupanga foleni kwangu. Koo nyingine zingeiacha. Ukoo wa Mchome hauachi. Siku ya kuanua matanga wanasoma kitabu chote kwa sauti, jina moja moja, na kila anayetajwa anasimama, au ndugu yake anasimama kwa niaba yake, na kusema yupo. Inasemekana waliwahi kumruka mjomba mmoja kwa bahati mbaya, na nyumba mbili za ukoo hazikula pamoja kwa miaka kumi na miwili.

Mzee alinieleza kwamba katibu wa msiba ameshauri pale pasomwe "asiyejulikana", yaishe.

"Nimemkatalia," alisema. "Mke wangu hakuzikwa na mtu asiyejulikana."

Sheria inampa mfiwa haki ya kumjua kila aliyehudhuria. Mzee aliweka kidole chake kwenye kibao cha alama za vidole, ombi likaingia, nikabonyeza. Kioo changu kinaelekea upande wangu tu, na siku hiyo nilishukuru, maana jina lililotokea lilikuwa Nakundwa Eliakunda Mchome, na kata iliyoandikwa chini yake ilikuwa ya kule Mpanda.

Nakundwa ni binti yake. Marehemu aliitwa Mama Nakundwa na Same nzima mpaka anaingia kaburini, na kwa miaka saba hakuna aliyejua kama huyo Nakundwa bado anapumua. Aliondoka kwa mumewe asubuhi moja akiwa na mimba ya miezi minne na mfuko mmoja wa nguo. Wengine walisema amekufa njiani. Wengine walisema mengine, ya kumfaa mume.

Nilimwambia mzee mtambo unasumbua, arudi Ijumaa. Uongo huo nimeusema mara nyingi sana dirishani, ila hii ilikuwa mara ya kwanza kuusema mtambo ukiwa mzima.

Hakubishana. Alivaa kofia yake, akageuka kuondoka, halafu akakumbuka kuniambia kwamba mkwewe Senzige naye analiulizia jina hilo kila jioni. Senzige ndiye mkwe pekee wa kiume, kwa hiyo Jumamosi yeye ndiye atakayesoma kitabu. Ana sauti nzuri ya kusoma, mzee alisema. Senzige Mgonja ndiye mume ambaye Nakundwa alimkimbia.

2

Nilifunga dirisha saa yangu ya chai nikalifungua faili.

Miaka saba iliyopita hakimu alitoa amri ya kulifunika jina la Nakundwa. Sisi tunaiita kifuniko. Pochi inaendelea kufanya kazi, mlango unafunguka, mtoto anatibiwa, lakini yeyote anayeuliza anwani ni ya nani anajibiwa kwamba hana ruhusa. Sababu ilikuwa imeandikwa kwenye mstari mmoja: mume alimvunja mkono, ukapona, akauvunja ule mwingine. Basi. Mafaili ya mahakama hayana maneno mengi.

Kifuniko kina muda wake, na muda ukiisha hurefushwa kwa kidole cha mwenyewe, akiwa amesimama kwenye dirisha lilelile kilikotolewa. Yaani hapa Same, hatua mia mbili kutoka duka la vipuri la Senzige. Aliyeitunga kanuni hiyo sidhani kama amewahi kumkimbia mtu. Kifuniko cha Nakundwa kiliisha miezi minne iliyopita. Jina la namna hiyo halijitokezi lenyewe, linakaa kimya likisubiri mtu wa kwanza kuuliza, na kwa miezi minne hakuna aliyekuwa na anwani yake, wala aliyejua kwamba jina lenyewe sasa linaulizika. Mpaka alipopiga muhuri kwenye msiba wa mama yake.

Chini ya faili palikuwa na nakala ya ilani aliyotumiwa kumwonya kwamba muda unaisha. Ilikuwa na sahihi yangu. Niliisaini pamoja na nyingine arobaini za siku hiyo, bila kuisoma. Nilijikasirikia sana pale, na hasira ya mtu aliyechoka ni mbaya kwa kuwa haina pa kwenda.

Nilikuwa na njia tatu, zote mbovu. Nikitoa cheti chenye jina lake, cheti kinabandikwa kwenye ubao wa mnyororo ambao kila mtu anausoma, na Jumamosi Senzige analitamka jina la mkewe na kata anayoishi mbele ya watu mia tatu. Nikiandika kwamba pochi haina jina, mnyororo utaihesabu kuwa pochi yatima na kuifunga baada ya siku tisini. Kitasa chake kitakataa kidole chake, na zahanati itamuuliza yeye na mtoto wake ni kina nani. Nisipojibu kabisa, Ijumaa saa kumi jioni mtambo wa makao makuu utalijibu ombi wenyewe. Ule hauna macho wala mgongo, hauogopi kitu.

Nilimzungukia mkuu wangu wa kazi kwa swali la mbali, nikajifanya nauliza kwa ajili ya mafunzo. Alisema kanuni ni kanuni, akaendelea kuitazama chai yake. Namwelewa. Ana watoto wanne.

Nilirudi dirishani nikahudumia foleni mpaka jioni. Mama mmoja alitaka kujua nani ameichukua pochi ya kisima cha mtaa wao, na kijana mmoja alitaka jina la msichana aliyemtumia salamu bila kujitaja. Nikawapa majibu yao. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi na mimi mwenyewe sikuwepo.

3

Alhamisi mchana wenzangu walipokwenda kula nilitumia njia ya ilani, ambayo dirisha linaruhusiwa kuitumia kumwita mwenye pochi yoyote. Alichelewa kupokea. Alipopokea nilisikia kwanza mtoto akiimba hesabu za kujumlisha mahali fulani nyuma yake.

Nilijitambulisha. Nilimwambia hali ilivyo, yote, bila kuipaka mafuta, na nilipomaliza nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu jana yake. Nilimuuliza kwa nini alipiga muhuri, ilhali yeye mwenyewe alijua anwani yake haina kifuniko tena.

"Nilijua," alisema. "Nilikaa na kidole juu ya kioo kutwa nzima. Nikawa najiambia nisiguse, nisiguse. Halafu nikafikiria wanasoma kitabu, wanafika mwisho, na mimi simo. Ni mama yangu, mama."

Hakulia. Alisema kwamba ataondoka Mpanda usiku huohuo, na nilimsikia akianza kufikiria vitu vya kubeba. Nikamwambia akae kwanza.

Kuna fomu moja ofisini kwetu ambayo nimeitumia mara nne tu maishani. Ni Fomu ya Kurekebisha Mapacha. Zamani, mapacha walipokuwa wanaandikishwa wakiwa wachanga, wauguzi walikuwa wakibandika kidole cha Kulwa kwenye pochi ya Doto, na watoto wanakua kila mmoja akiwa na jina la mwenzake. Fomu inayabadilisha majina kwa mkupuo mmoja. Haiulizi umri. Inataka vidole vya wenye pochi wawili na kidole cha karani, na hakuna mstari unaokataza karani kuwa mmoja wa hao wawili, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba karani anaweza kuwa mpumbavu kiasi hicho.

Jina haliwezi kutungwa. Lazima lielekeze kwenye pochi moja, na pochi hiyo ikiulizwa ilitaje jina hilohilo, la sivyo mnyororo unalikataa. Majina ya marehemu yamefungwa kwa miaka thelathini. Jina pekee la mtu hai ambalo lilikuwa mikononi mwangu siku hiyo lilikuwa langu. Fomu ikipita, kata za wote wawili huandikwa upya kuwa za dirisha lililoirekebisha, kwa hiyo anwani ya Mpanda ikiulizwa ingejibu Eliwaza Msangi, wa Same. Daftari letu husema mtu ni nani leo, na alivyokuwa jana ni siri ambayo jaji peke yake anaweza kuifungua.

Nakundwa aliniuliza nitapoteza nini. Nilimweleza. Utumishi wangu wa miaka ishirini na sita, pamoja na pensheni yake, umeandikwa kwenye jina, si kwenye pochi, na utahamia Mpanda nao. Nami nitakuwa Nakundwa Mchome mbele ya mnyororo, mke halali wa Senzige Mgonja, na siku Senzige atakapouliza mkewe yuko wapi, mtambo utamtajia mlango wangu.

"Hunijui hata kwa sura," alisema.

"Nakujua kwa faili. Ilani yako niliisaini mimi bila kuisoma."

"Sasa wewe utaitwa nani?"

"Nimefikia umri wa kuitwa mama tu. Wanaoniita Eliwaza wamebaki wawili, na mmoja masikio yake mabovu."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau namna yake. Akauliza habari za baba yake. Nikamwambia amekonda na koti limemzidi. Akaniomba jambo moja, kwamba nisimwambie mzee chochote, kwa sababu baba yake hajui kuficha kitu usoni, na Senzige anakula mezani kwake kila siku. Niliapa. Kisha akaweka kidole, nami nikaweka changu mara mbili, mara ya mhusika na mara ya karani. Kioo kiliandika kwamba mapacha wamerekebishwa.

Nilikaa nikikitazama kibao cha bati kilichopigiliwa juu ya dirisha langu, ELIWAZA MSANGI, KARANI. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na njaa. Nikaenda kula.

4

Ijumaa mzee alikuja mapema. Nilimpa cheti. Alivaa miwani, akasoma, akainua macho kwenye kile kibao cha bati, akakisoma nacho, akarudi kwenye cheti.

Aliniuliza kama nilimfahamu mkewe. Nikajibu kidogo. Sikuwahi kukutana naye hata mara moja.

"Wewe ndiye uliyepiga muhuri."

"Ndiyo, baba. Juzi niliona aibu kusema."

"Nilidhani," alisema, na hakumalizia. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa kumkumbuka marehemu. Akaniomba nifike kesho ili nikitajwa nisimame mwenyewe. Nilimwona akitoka mlangoni huku akishika ukuta.

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nilikuwa nimehesabu utumishi wangu na mlango wangu, nikasahau kwamba yule mzee alikuja kuuliza jina akiwa tayari na jina kichwani. Kwa siku tatu alikuwa na mtoto hai, nami nimemnyang'anya kwa karatasi yenye muhuri wa serikali. Sijawahi kujichukia dirishani kama nilivyojichukia saa ile.

5

Jumamosi nilifunga kitambaa cha kichwa nikaenda. Turubai lilikuwa limejaa. Nilikaa nyuma na wanawake nisiowajua, wakanisogezea kiti.

Senzige anasoma vizuri kweli. Ni mwanaume mnene, mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi, na kila jina alilitamka kana kwamba ni la rafiki yake. Watu walisimama, wakasema wapo, wakakaa. Alipofika mwisho alitulia, nikaona jinsi alivyopitisha macho kwenye turubai kabla hajatamka.

"Eliwaza Msangi."

Nilisimama nikasema nipo. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine, akamwona mama wa ofisini mwenye viatu vya kisigino kilicholika, akafunga kishikwambi. Uso wake ulikuwa na hasira ya mtu aliyekosa alichokitegemea. Jumatatu atakuja dirishani kuuliza kwa jina la mkewe, hilo nililiona wazi, na nilishajua mtambo utampa mlango upi.

Kilichofuata ni kunyolewa kwa watoto wa marehemu. Katika ukoo wao vinawekwa vigoda kwa hesabu ya watoto, na kila mtoto anakaa chake. Viliwekwa vitatu. Watoto wawili wa kiume walikaa, wakanyolewa na mpwa wa marehemu. Kigoda cha tatu kilikuwa kitupu. Mwanamke aliyekaa kando yangu alininong'oneza kwamba mtoto asiyekuwepo anaweza kukaliwa kigoda chake na mwanamke yeyote mwenye huruma, hata wa nje, na asipotokea wa kumkalia baba analazimika kuondoa kigoda kwa mkono wake na kusema kwamba huyo hayupo. Baada ya hapo jina lake linahesabiwa pamoja na waliokufa, na hairuhusiwi tena kuliulizia. Wanawake wa ukoo waliinamisha vichwa. Senzige alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma, akiwahesabu kwa macho.

Mzee Eliakunda aliinuka. Alitembea mpaka kwenye kigoda akakiinamia, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kukishika.

Miguu yangu ilikuwa imechoka tangu Jumatano. Nadhani ndiyo sababu nilikwenda bila kufikiri, ningefikiri nisingefika. Nilipita katikati ya viti, nikamwomba mzee radhi, nikakaa, nikafungua kitambaa. Watu walinong'onezana kwamba ni mama wa watu tu, ana moyo mzuri. Senzige aligeuka pembeni kuongea na mtu.

Mzee hakumwachia mpwa wembe. Aliuchukua mwenyewe, akanilowesha kichwa kwa kiganja, akaanza mbele, polepole. Mvi zangu zilidondoka mapajani. Alipofika nyuma ya sikio aliinama, nikaisikia pumzi yake.

"Mwanangu mzima?"

Nilikuwa nimeapa. Wembe ulitulia juu ya ngozi yangu ukisubiri, na mbele yetu kulikuwa na watu mia tatu, na mmoja wao alikuwa Senzige.

"Endelea, baba," nilimwambia. "Huu ni unyoaji wa watoto walio hai."

Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba hakunielewa, na ndipo chozi lake liliponiangukia utosini, la moto, pale palipokwisha kunyolewa. Alilifuta kwa kidole gumba. Mkono wake haukutetemeka tena, na alininyoa mpaka mwisho bila kunikata.